Magazeti ya Marehemu Mwalimu na Majina Yaliyomo Ndani: Jibu kwa Msomaji wa Magomeni

Msomaji wa Magomeni, Dar es Salaam, anaeleza kwamba mjomba wake, mwalimu mstaafu aliyefariki hivi karibuni, ameacha makasha kadhaa yaliyojaa magazeti ya zamani: Mambo Leo, Ngurumo, Uhuru, Kiongozi na vijarida vingine ambavyo yeye hakuwahi hata kuvisikia. Yeye, vijana wachache wa mtaani na wazee wawili wamekubaliana kuyahifadhi kwa kujitolea, ili anayetafuta habari za babu au bibi yake apate pa kuanzia. Anauliza waanzie wapi, kama kamera ya simu inatosha, na kama ni sawa kuzitupa karatasi baada ya kuzipiga picha.

Ndugu msomaji, pokea pole kwa msiba, na uwafikishie wenzako pongezi kwa nia hiyo. Ushauri wangu wa kwanza huenda ukawakatisha vijana tamaa kidogo: simu ziwekwe kando kwa muda, na kazi ianze kwa daftari na kalamu. Kabla hamjapiga picha hata ukurasa mmoja, andikeni orodha ya kila toleo lililomo makashani, kwa jina, tarehe, namba ya toleo na kurasa zilizopungua. Orodha hiyo ndiyo itakayowaonyesha nguvu zenu chache zielekezwe wapi, kwa kuwa magazeti yote hayako katika hatari sawa ya kupotea.

Gazeti kubwa la kila siku lililochapishwa Dar es Salaam lina nafasi nzuri ya kuwa na nakala nyingine mahali fulani. Pa kuulizia ni Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ambayo ilifunguliwa mwaka 1967, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iliyopo Upanga, na mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nje ya nchi, Center for Research Libraries ya Chicago ina mikrofilamu nyingi, yaani filamu zenye picha ndogo za kurasa, za magazeti ya Afrika. Nendeni na orodha yenu mkononi mlinganishe. Mkigundua kwamba Uhuru la mwaka fulani lipo kamili Upanga, hamna sababu ya kumaliza miezi mkilipiga picha upya wakati chini ya kasha hilo hilo kuna vijarida vya parokia, vya chama cha ushirika, vya chama cha wafanyakazi au vya halmashauri za wenyeji, kama lile gazeti la Komkya la Wachagga la miaka ya 1950. Karatasi za namna hiyo zilichapwa chache, zikasomwa na watu wa eneo moja, kisha zikafungia maandazi. Kwa mtafiti wa ukoo ndizo zenye thamani zaidi, kwa sababu zilimtaja mkulima, mwalimu wa shule ya kijiji na mhazini wa ushirika ambao gazeti la taifa lisingekuwa na nafasi ya kuwataja.

Katika kuandika orodha, nakilini jina la gazeti kama lilivyochapwa siku ile, wala msilisahihishe kwa mujibu wa mnavyolijua leo. Kiongozi ni mfano mzuri wa sababu yake. Lilikuwapo Kiongozi la enzi ya Wajerumani, lililotolewa na shule ya serikali ya Tanga kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na lipo Kiongozi la Kanisa Katoliki lililoanza Tabora mwaka 1950. Mkiandika jina tu bila mwaka na mchapishaji, mtu atafuata nyayo za babu yake hadi kwenye gazeti lisilo lake. Kadhalika Tanganyika Standard, lililoanza mwaka 1930, lilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist kuwa Daily News. Ni mfululizo mmoja wenye majina tofauti, na orodha yenu iuonyeshe hivyo.

Sasa nije kwenye karatasi zenyewe. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa massa ya mbao zilizosagwa, na ndani yake hubaki lignini, yaani kile kinachoshikamanisha nyuzi za mti, ambayo ikikutana na hewa na mwanga hubadilika rangi na kuzalisha asidi. Asidi hiyo hukata nyuzi za karatasi polepole, na ndiyo maana gazeti la mwaka 1961 hupasuka kwenye mikunjo likifunguliwa kwa pupa, ilhali kitabu cha zamani zaidi kilichochapwa kwenye karatasi bora bado ni laini. Mchakato huu hamwezi kuuzuia, ila mnaweza kuupunguza kasi. Joto na unyevu huuharakisha, na Dar es Salaam haina upungufu wa vyote viwili. Wahifadhi wengi hupendekeza unyevu wa hewa kati ya asilimia 35 na 50. Ukipita asilimia 65 kwa muda mrefu kuvu huota, na nyumba nyingi za pwani yetu huvuka kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Kwa hiyo chagueni chumba chenye hewa inayopita, kisichopigwa na jua, na kama kuna ghorofa, kiwe cha juu. Ninyi wa Magomeni mnaishi karibu na bonde la Msimbazi na hamhitaji kuelezwa mafuriko ya Desemba 2011 yalifanya nini. Kasha lililokaa sakafuni wakati wa masika ni kasha lililokwisha kupotea. Wekeni rafu za chuma, zisiguse ukuta kwa sababu ya mchwa, na tabaka la chini liwe juu ya sakafu kwa kimo cha kutosha kufagia na kuchungulia. Magazeti yalazwe, yasisimamishwe. Makasha maalumu yasiyo na asidi ni ghali na ni shida kuyapata. Bafta nyeupe iliyofuliwa mara kadhaa, bila wanga, inatosha kabisa kufunikia rundo lisiingiwe na vumbi. Mifuko ya plastiki iliyofungwa ni hatari, kwani hufungia unyevu ndani. Selotepu, pini, mipira ya kufungia na gundi ya dukani visiguse karatasi kabisa, wala msinyunyizie dawa ya wadudu juu ya magazeti, hata mende wawe wengi namna gani. Glavu za kitambaa wanazovaa watu kwenye picha za makumbusho hazihitajiki hapa, maana hukwamia kwenye kingo zilizochakaa na kuzichana. Mikono iliyonawa na kukaushwa vizuri ni bora zaidi. Barakoa, kinyume chake, ni ya lazima kwa yeyote anayefungua rundo lenye kuvu, na mtu mwenye pumu asipewe kazi hiyo.

Simu inatosha? Inategemea ukubwa wa ukurasa, na hesabu yake ni nyepesi. Ili maandishi madogo ya matangazo yasomeke vizuri, lengeni nukta 300 kwa inchi. Ukurasa wa gazeti dogo wenye urefu wa takriban inchi 17 ukipigwa kwa kamera ya megapikseli 12, ambayo picha yake huwa na pikseli kama 4,000 kwa upande mrefu, utapata nukta 235 hivi kwa inchi: hauridhishi sana, lakini unasomeka. Ukurasa mkubwa wa inchi 24 kwa kamera hiyo hiyo hushuka hadi nukta 167, na hapo herufi za tangazo la mirathi zitageuka ukungu. Dawa yake ni kupiga ukurasa mkubwa kwa nusu mbili zinazopishana kidogo, au kuazima kamera yenye pikseli nyingi zaidi. Kilicho muhimu kuliko aina ya kamera ni kuifunga kwenye kishikio imara, itazame karatasi wima kabisa, na kuweka taa mbili, moja kila upande, zikimulika kwa mshazari wa nyuzi 45 ili pasiwe na mng'ao. Chini ya kila ukurasa tandikeni karatasi nyeusi, na maandishi ya upande wa pili hayatajitokeza pichani. Kwenye kila picha ionekane rula na kijikaratasi chenye jina la gazeti na tarehe. Mafaili yapewe majina yanayojipanga yenyewe, kwa mfano NGURUMO_1964-05-12_uk03, na kila faili liwe na nakala tatu, moja kati ya hizo ikikaa nyumba nyingine kabisa. Picha ya rangi ya megapikseli 17, ambazo ndizo zinazotosha ukurasa mdogo kwa nukta 300, isipobanwa huchukua takriban megabaiti 50, hivyo kurasa 10,000 zitahitaji gigabaiti 500 hivi kwa kila nakala. Nunueni diski mkijua hivyo.

Hayo yote, hata hivyo, ni maandalizi tu, na vikundi vingi vya kujitolea huishia hapo vikidhani kazi imekwisha. Picha 10,000 zisizo na faharasa ya majina hazimsaidii mjukuu anayemtafuta babu yake, kwa sababu itambidi azisome zote. Faharasa ndiyo kazi yenu hasa, na ndiyo ambayo maktaba kubwa haina watu wa kuifanya. Zipo programu za kompyuta zinazosoma maandishi kutoka kwenye picha, na mojawapo, Tesseract, ambayo ni ya bure, inakijua Kiswahili. Itumieni, lakini msiitegemee: wino ukififia huchanganya herufi, na mara nyingi hukosea kwenye majina ya watu, ambayo hayamo katika msamiati iliofunzwa. Majina ni lazima yasomwe na macho ya binadamu, na ikiwezekana kila ukurasa usomwe na watu wawili kila mmoja kivyake, kisha wa tatu alinganishe.

Andaeni jedwali la Excel ambalo kila mtu aliyetajwa ana mstari wake. Safu ya kwanza ibebe jina kama lilivyochapwa, pamoja na makosa yake yote, na safu ya pili ibebe jina kwa tahajia moja mliyokubaliana, kwani bila safu hizi mbili faharasa haitatumika. Mtu aliyeandikwa Hamisi bin Salum mwaka 1938 anaweza kuonekana kama H. Salum kwenye orodha ya wachezaji wa mpira, Khamis Salim kwenye tangazo la mirathi, na Mzee Hamisi wa Mtaa wa Sikukuu kwenye habari ya msiba wake. Watu wetu wengi hawakuwa na jina la ukoo lisilobadilika. Jina la baba lilifuata la mwana, na kizazi kilichofuata kikaacha la babu. Mwingine alibatizwa akiwa mtu mzima na kuanza kutajwa kwa jina jipya. Wanawake wana shida zaidi, kwa kuwa gazeti lilimtaja mama kama binti fulani, kisha mke wa fulani, kisha Mama fulani kwa jina la mtoto wa kwanza, na mtafiti asiyelijua hilo atadhani ni watu watatu. Kwa hiyo pawe na safu ya uhusiano uliotajwa, na safu ya kabila au asili pale gazeti lilipoitaja, kwa sababu katika Dar es Salaam ya wakati ule kuandikwa Mzaramo, Mmanyema au Mnyamwezi mara nyingi ndiko kunakotofautisha watu wawili wenye jina moja.

Mahali nako kuandikwe mara mbili, kama palivyochapwa na kama panavyoitwa leo. Kijana wa sasa hajui kwamba Kichwele ndiyo Mtaa wa Uhuru, kwamba New Street ndiyo Lumumba, kwamba Acacia Avenue ilikuja kuwa Independence Avenue kisha Samora, au kwamba Pugu Road ndiyo Barabara ya Nyerere. Hapa ndipo wazee wenu wawili watakapofanya kazi ambayo hakuna programu inayoiweza, na ningependa wakae na vijana mezani badala ya kuitwa mwishoni kuja kuhakiki. Tarehe nazo zina mtego wake: gazeti la kila siku likisema Jumatatu iliyopita, hesabuni tarehe na kuiandika; lakini Mambo Leo lililoanzishwa na serikali mwaka 1923 lilitoka kila mwezi, na habari ya mji fulani iliyomo inaweza kuwa ya wiki nyingi kabla ya tarehe iliyopo kwenye jalada.

Msitafute majina kwenye habari kubwa peke yake. Habari ya ukurasa wa kwanza humtaja gavana au waziri. Babu wa mtu yumo katika orodha ya watoto waliochaguliwa kuendelea na masomo, uhamisho wa makarani na walimu, viongozi wapya wa tawi la TANU, kesi za mahakama, notisi za mirathi, shukrani za wafiwa, timu za mpira na tangazo la fundi cherehani. Yumo pia katika barua za wasomaji na, kwa namna ya pekee, katika mashairi. Washairi wetu wana desturi ya kutaja jina lao na wanakoishi katika beti za mwisho, na mara nyingi chini ya shairi kuna kazi na sanduku la posta. Mtu ambaye hakuacha cheti chochote anaweza kuwa ameacha beti nane zenye anwani kamili. Tatizo ni lakabu. Mshairi aliyejulikana kwa lakabu tu aingizwe kwenye faharasa kwa lakabu hiyo, na palipo na mzee anayemkumbuka, jina halisi liandikwe pembeni pamoja na jina la mzee aliyelieleza na tarehe aliyolieleza.

Nimeliwekea jambo hili uzito kwa sababu mtafiti wa ukoo nchini hana njia nyingi. Chini ya ukoloni usajili wa vizazi na vifo haukuwa wa lazima kwa Waafrika walio wengi, kwa hiyo anayekwenda RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kutafuta kifo cha mwaka 1940 mara nyingi hurudi mikono mitupu. Daftari za ubatizo zinawasaidia wenye asili ya Kikristo; kwa familia nyingi za Kiislamu za pwani hakuna daftari linalolingana nazo, na hapo gazeti huwa miongoni mwa maandishi machache yaliyosalia.

Lakini gazeti si hati ya kiapo. Umri wa marehemu ulikadiriwa, mara nyingi kwa kukumbuka kama alikuwa ameshaoa wakati wa Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 au kama alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita vya 1914 hadi 1918, na mwandishi akaandika miaka 90 bila kusema ni makadirio. Majina ya watoto yalirukwa, mahali pa kuzaliwa pakachanganywa na mahali pa kazi. Waelezeni watakaotumia faharasa yenu kwamba kilichomo ni kielelezo cha kufuatilia, kikalinganishwe na jiwe la kaburi, hati ya nyumba, faili la mahakama na maneno ya wazee wa ukoo. Vilevile, kutoonekana kwa tanzia si ushahidi wa chochote: familia nyingi zilitangaza misiba yao kwenye Radio Tanzania, ambako taarifa iliwafikia ndugu wa bara siku ile ile, na hazikuona haja ya kulipia tangazo gazetini.

Upande wa sheria ni mfupi. Magazeti yanalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na baadhi ya wachapishaji wangali hai, kwa hiyo kupiga picha kwa ajili ya kuhifadhi na kuzisambaza kwa umma ni mambo mawili tofauti. Kwa hilo la pili ombeni ridhaa kwa maandishi, na mkikwama ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Faharasa ya majina ni salama zaidi kuitoa kuliko picha zenyewe. Hata hivyo jihadharini na habari za karibu. Mtu aliyeshtakiwa kwa wizi mwaka 1985 huenda yu hai na ana wajukuu shuleni, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kushughulika na taarifa za walio hai kuna masharti yake. Mimi ningeacha kesi za jinai, ugomvi wa ndoa na habari za watoto nje ya faharasa ya wazi kwa miongo ya karibuni, na kumpa mhusika mwenyewe au mtoto wake akija kuuliza ana kwa ana. Kufichua aibu ya jirani hakukuwa lengo lenu.

Lililobaki ni kutupa. Msitupe. Diski huharibika bila kutoa onyo, na picha iliyopigwa leo vibaya haiwezi kurudiwa kama karatasi imekwenda kwa muuza karanga. Isitoshe, hamtajua kwamba ukurasa wa 6 ulirukwa hadi mtu auhitaji. Mkimaliza, matoleo ambayo mmehakikisha kwamba hayapo kwingine yapelekeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa au maktaba iliyo tayari kuyapokea, mkiwa mmekwisha kukubaliana nao kabla ya kubeba makasha, na muombe hati ya makabidhiano yenye orodha ya kila toleo. Hati hiyo isainiwe na warithi wa marehemu mwalimu, wala si na kikundi chenu, kwa kuwa magazeti hayo ni sehemu ya mirathi yake, na ridhaa yao ya maandishi ipatikane hata kabla ya kasha la kwanza kutolewa ndani ya nyumba.